Sura ya Sita: Eddy Gordo na Mizani ya Nguvu

Kati ya wahusika wote ambao michezo ya kupigana ya kompyuta imepata kuwaleta pwani yetu, hapana hata mmoja aliyependwa na kulaumiwa kwa kiasi kimoja kama Eddy Gordo, Mbrazili wa kubuni aliyetokea mara ya kwanza mwaka 1997 katika Tekken 3 ya kampuni ya Namco ya Japani, akaingia katika mashine za PlayStation mwaka uliofuata, na baada ya hapo akaenea katika miji ya Afrika Mashariki kwa njia ambazo mwenye mali hakuziamuru, yaani kwa diski za kunakiliwa na kwa mashine zilizopita mikono miwili mitatu kabla ya kufika Mombasa. Kijana wa Tononoka aliyekua katika miaka ile, ambaye huenda hakumjua mbunge wake kwa sura hata baada ya kumsikiliza mara kadhaa katika mikutano ya uwanja wa Tononoka, alimjua Eddy kwa mwendo wake tu, kabla hata jina halijaandikwa kwenye kioo cha televisheni.

Mintarafu ya mtu huyu, majadiliano ya vijana wa Tononoka, Majengo na Bondeni hayakuwa juu ya uzuri wa mavazi yake wala juu ya huzuni ya kisa chake, kisa cha mtoto wa tajiri ambaye baba yake aliuawa na wafanyabiashara wa madawa ya kulevya, naye akajifunza kupigana gerezani kwa mzee mmoja mfungwa. Yalikuwa juu ya swali moja la insafu: je, ni halali mtu ambaye hakujifunza kitu kumshinda mtu aliyejifunza mwaka mzima? Swali hilo ndilo lililowakabili watengenezaji wa mchezo wenyewe, nao wakalijibu toleo baada ya toleo, kwa muda wa zaidi ya miaka 25, kwa kumpunguzia Eddy hapa na kumwongezea pale. Katika sura hii nataka kuonyesha kwamba majibu yao yalikuwa na busara kuliko lawama zetu, ila kwamba katika kumtengeneza walimwondolea kitu kilichokuwa mali ya wanyonge, na wakachelewa mno kukirudisha.

Ili msomaji asiyepata kuingia katika banda la gemu aelewe uzito wa swali lile, yafaa kwanza azijue sharia za banda. Chumba huwa kidogo, mlango wake waelekea uchochoroni, televisheni mbili tatu zimewekwa juu ya meza, na mabenchi ya mbao yamejaa vijana wa hirimu mbalimbali, wengine wametoka shule na sare zao, wengine wametoka chuoni na kofia zao bado zi kichwani. Anayeshinda hubaki na pedi mkononi. Anayeshindwa huinuka akampisha anayengoja, na aghalabu aliyeshindwa ndiye anayelipa. Sharia hiyo, ambayo hapana aliyeiandika na ni wachache waliothubutu kuihalifu, iliifanya tofauti ya nguvu kati ya mhusika na mhusika iwe jambo la mfuko na si la fahari peke yake, kwa kuwa mwenye kumchagua mhusika dhaifu aliketi kwa dakika mbili akangoja kwa nusu saa, ilhali mwenye kumchagua mhusika mkali aliweza kucheza tangu alasiri hata adhana ya magharibi bila ya kutoa senti. Watu wazima waliozisikia kelele zile kutoka nje walidhani ni ugomvi wa kitoto juu ya kitu kisichokuwapo. Walikosea, kwani fedha ilikuwapo, na wakati ulikuwapo, na kijana aliyeondoshwa kitini mara tano kwa jioni moja na mtoto mdogo wake alikuwa na madai ya kweli.

Eddy alikuwa mkali kwa namna ya peke yake. Katika Tekken pedi ina vitufe vinne vya mapigo, kila kimoja na kiungo chake: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu ni mkono wa kulia, eksi ni mguu wa kushoto na duara ni mguu wa kulia. Kwa wahusika wengi, mtu anayebonyeza ovyo hupata mapigo yasiyoungana, ngumi moja huku na teke moja kule, na katikati yake mapengo ambamo mpinzani mwenye akili huingia bila ya kubisha hodi. Lakini Eddy, ambaye mapigano yake ni ya kapoeira, alitengenezwa hata kila teke likazaa teke jingine, na mahali mwili wake ulipoishia katika pigo moja pakawa ndipo pa kuanzia pigo la pili. Basi mtoto aliyeshika pedi kwa mara ya kwanza, akibonyeza eksi na duara bila ya mpango wowote, alimwona mtu wake akizunguka, akipinduka, akisimama kwa mikono, akilala chali na kuinuka kwa teke, mfululizo usiokatika, na mbele yake bingwa wa mtaa akianguka na kuinuka na kuanguka tena. Na aliyetaka sura nyingine ya dhiki ile ile alimpata Tiger Jackson, mtu wa disko mwenye nywele kubwa, aliyefichwa katika mchezo uo huo na kupewa mapigo yale yale ya Eddy.

Siri ya madhara yale haikuwa katika uzito wa mateke bali katika kimo chake. Katika Tekken mtu hujikinga kwa kuvuta nyuma, na kinga ni mbili: ya kusimama, ambayo huzuia mapigo ya juu na ya kati, na ya kuchutama, ambayo huzuia mapigo ya chini na kuyaacha ya juu yapite hewani. Pigo la kati humpata aliyechutama, pigo la chini humpata aliyesimama, na kwa hiyo kila mwenye kuyachanganya mawili hayo humlazimisha mpinzani wake kubahatisha. Mhusika wa kawaida hulileta jaribu hilo mara chache, tena kwa kujihatarisha. Eddy alilileta bila ya kukoma, na kwa kuwa mateke yake mengi ni ya kuzunguka, hata yule aliyejua kuhepa kando, jambo ambalo Tekken 3 ndiyo iliyowawezesha wahusika wote kulifanya, mara nyingi alijikuta amefagiwa miguu yote miwili. Fauka ya hayo, kiwiliwili chake hakikukaa katika umbo moja, kichwa kikawa chini na miguu juu, mgongo ukawa mbele na kifua nyuma, hata jicho lisilomzoea likashindwa kujua teke lililoanza litafikia goti au shavu.

Hata hivyo, wale waliokaa na mchezo huu muda mrefu waligundua jambo ambalo lawama za banda hazikulitia maanani, nalo ni kwamba Eddy hakuwa na nguvu kama alivyodhaniwa. Mchezo huhesabu wakati kwa fremu, na sekunde moja ina fremu 60. Ngumi ya haraka ya wahusika wengi hufika kwa fremu 10, yaani moja ya sita ya sekunde. Kila pigo kubwa likizuiwa humwacha mpigaji na deni la fremu kadhaa ambamo hawezi kufanya lolote: deni likifika 10, aliyezuia amepata ngumi ya bure, likifika 15 au zaidi, wahusika wengi waweza kumrusha mdeni hewani na kumshukia kwa kombo, yaani mfululizo wa mapigo asiyoweza kuyazuia, linaloondoa sehemu kubwa ya uhai wake. Sasa mafagio makubwa ya chini, ambayo ndiyo yaliyomtia hofu kila mgeni, ndiyo mapigo yenye madeni makubwa kuliko yote. Mjuzi alichutama, akazuia fagio moja, akainuka na pigo la kurusha, na utawala wa yule mtoto ukaisha papo hapo. Katika mabanda, dawa hii haikuandikwa popote, ilipitishwa kwa mdomo, mkubwa akimwinamia mdogo aliyekwisha kata tamaa na kumwambia, "Usishindane naye kwa haraka, ndugu yangu. Chutama, mwache amalize, kisha umchukue." Waliolipokea neno hilo hawakumwogopa Eddy tena maisha yao yote.

Hapo ndipo penye ugumu ambao msomaji nataka aupime pamoja nami, kwa sababu mizani ya mhusika huyu haikuwa moja, ilikuwa mbili, na zilipingana. Mbele ya asiyejua, Eddy alikuwa jabari. Mbele ya ajuaye, alikuwa mtu wa kawaida, au pungufu ya kawaida. Mtengenezaji akimpunguza ili kumwokoa mgeni, amemwua mbele ya mjuzi, na mchezaji aliyempenda kwa dhati akatumia miaka kumsoma anabaki na mtu asiyefaa kitu. Akimwongeza ili afae mbele ya mjuzi, amemtia mgeni katika idhilali iliyozidi ile ya kwanza. Wanaodhani kusawazisha mhusika ni kupunguza tarakimu moja katika daftari la hesabu hawajapata kukaa na tatizo hili. Mathalan, ukipunguza maumivu ya fagio, mjuzi hatalipiga tena, ilhali mgeni ataendelea kufagiwa, ila mara nyingi zaidi. Ukiliongezea deni, mgeni hatajua kwamba limeongezwa, maana hajui kudai. Ukilichelewesha lionekane mapema, umekwisha likatilia mbali na teke lililotangulia, na mfululizo uliokuwa ndio uzuri wa kapoeira umevunjika.

Na juu ya kapoeira yenyewe yapasa tusimame kidogo, kwa kuwa haki ya Eddy haiwezi kuamuliwa bila ya kujua alikotoka. Mapigano hayo yalizaliwa Brazil katikati ya Waafrika waliotekwa, wengi wao watu wa Angola na nchi za jirani, na miongoni mwa waliovushwa bahari katika karne ya 19 walikuwamo pia watu wa upande wetu wa bara, waliopakiwa merikebuni katika bandari za Msumbiji na kupelekwa hata Rio de Janeiro. Ni mchezo na vita kwa pamoja, huchezwa ndani ya duara la watu kwa ngoma na nyimbo, na aliyepata kuwaona watu wa Lamu wakicheza kirumbizi, fimbo zikigongana kwa mdundo na kila mmoja akitafuta upenyo kwa tabasamu, hatahitaji kuelezwa zaidi. Serikali ya Brazil iliuogopa, ikaupiga marufuku katika sharia ya jinai ya mwaka 1890. Na ulipotoka gizani ulitoka kwa kutengenezwa, kwani Manuel dos Reis Machado, maarufu kwa jina la Mestre Bimba, aliyefungua shule yake mjini Salvador mwaka 1932, aliupangia mafunzo ya mfululizo, akaupa nidhamu ya darasa na heshima mbele ya watawala, wakati Mestre Pastinha baada yake alishikilia namna ya kale iliyo chini zaidi na yenye hila zaidi. Mwaka 2014 UNESCO ikaliandika duara la kapoeira katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Hila ndiyo roho ya mapigano haya. Mchezaji wa kapoeira hujionyesha anaanguka ilhali anapiga, hujionyesha anakimbia ilhali anakaribia, na waalimu wake huihesabu kuwa ni hekima ya mnyonge aliyekatazwa silaha. Namco hawakuyabuni mapigo ya Eddy kwa kukisia. Walimwajiri Mestre Marcelo Pereira, mwalimu wa kapoeira kutoka Brazil, na mwendo wa mwili wake ndio ulionaswa na mashine ukageuzwa kuwa mwendo wa Eddy. Basi kijana wa Majengo aliyelalamika kwamba haoni teke linakotoka alikuwa, bila ya kujua, akiisifu kazi ya mwalimu yule; na mtengenezaji ambaye angemfanya Eddy apige mateke yanayoonekana waziwazi, kila moja na mwanzo wake na mwisho wake, angepata mizani nzuri na kuipoteza kapoeira.

Matoleo yaliyofuata, kwa insafu yote, yalitafuta njia ya kati, ingawa safari ilianza kwa jambo lililowachukiza wengi. Tekken 4, iliyotoka mwaka 2001, ilileta kuta na viwanja visivyo sawa, na pamoja na hayo ilimleta Christie Monteiro, mjukuu wa yule mzee aliyemfundisha Eddy gerezani, akakaa mahali pake. Eddy mwenyewe alibakizwa kuwa kama vazi jingine la Christie, sura yake juu ya mapigo ya binti yule. Hali ikawa hiyo hiyo katika Tekken 5, mpaka toleo lake lililorekebishwa, Dark Resurrection, lilipomrudishia nafasi yake. Katika Tekken 6, iliyoingia majumbani mwaka 2009, wawili hao walianza kutenganishwa kwa mapigo, na Tekken 7 ilipofika kwenye mashine za nyumbani mwaka 2017 Eddy alikuwamo na Christie hakuwamo. Msomaji asiyejali habari za majina haya aweza kuzipita, ila ashike jambo moja: katika muda wote huo, mtu wetu hakuwa akirekebishwa kwa kukatwa viungo tu. Dunia iliyomzunguka ndiyo iliyokuwa ikigeuzwa.

Kugeuza dunia ni namna ya kusawazisha iliyo bora kuliko zote, nami nashangaa kwamba haisifiwi inavyostahili. Katika matoleo ya baadaye kila mhusika ana uwezo wa kulipangua pigo la chini kwa kusukuma chini na mbele kwa wakati wake, na anayelipangua humwondoa mpinzani mizani na kupata kombo. Uwezo huo haukuandikwa kwa ajili ya Eddy, lakini hapana aliyeathirika nao kumshinda mtu ambaye nusu ya riziki yake imo katika kufagia. Kuta nazo zilimnyima nafasi ya kuzunguka. Halikadhalika Tekken 6 ilileta ghadhabu, ambayo kwayo mtu aliyekaribia kushindwa huongezewa nguvu ya mapigo, na Tekken 7 ikaiongezea pigo moja kubwa la kukata na shoka ambalo hata mgeni aweza kulitoa. Kwa njia hizo mnyonge alisaidiwa na sharia ya mchezo wote, si na mhusika mmoja. Na Eddy, kwa kuwa sasa mapigo yake ya ovyo yalikuwa na dawa mkononi mwa kila mtu, aliweza kupewa mikao mipya na njia mpya zinazodai ustadi, pasipo hofu kwamba zitaokotwa na kila apitaye. Mchezaji wa Eddy wa siku hizi hubonyeza vitufe vichache kuliko yule wa mwaka 1998. Hungoja, hulala chali kwa makusudi, humshawishi mwenzake atende, kisha humwadhibu.

Wakati huo huo, namna ya kurekebisha ilikuwa imebadilika kwa kadiri ambayo mabanda yetu hayakuweza kuifuata. Enzi ya diski, kosa la toleo lilibaki ndani yake milele, na masahihisho yalingoja toleo jingine, miaka mitatu au minne. Enzi ya intaneti, mhusika aweza kulala mkali na kuamka mpole. Mfano mashuhuri ni Leroy Smith, mzee wa New York aliyeongezwa katika Tekken 7 mwezi Desemba 2019: alikuwa na nguvu nyingi mno hata katika mashindano ya Evo Japan ya Januari 2020 wachezaji wengi wa wanane wa mwisho walikuwa wamemchagua yeye, na baada ya hapo kampuni ikampunguza kwa masahihisho yaliyosambazwa duniani kote. Duniani kote, isipokuwa pale ambapo mashine haikuunganishwa. Mwenye banda anayenunua data kwa kadiri ya mfuko wake hana sababu ya kushusha faili kubwa ili mhusika mmoja apungukiwe na fremu tatu, na mwenye PlayStation 2 ya mwaka 2000 na kitu hana hata pa kulishushia. Kwa hiyo katika kisiwa kimoja cha Mombasa zaweza kukutana sharia za zama nne au tano, Eddy wa Tekken 3 akitawala uchochoro huu na Eddy wa Tekken 7 akihemea uchochoro wa pili, na kijana anayevuka barabara kutoka banda hadi banda huvuka pia kutoka hukumu moja kwenda nyingine.

Wapo wanaoliona hilo kuwa ni kubaki nyuma. Sikubaliani nao. Mchezo usiosahihishwa huwalazimisha wachezaji kuwa wasahihishaji, nao hufanya hivyo kwa makubaliano ya barazani, wakikatazana mhusika fulani au hila fulani, kama walivyofanya wenzao wa ng'ambo walipomkataza Akuma katika mashindano ya Super Street Fighter II Turbo ya mwaka 1994. Au hufanya kwa njia iliyo ngumu na bora zaidi, yaani kwa kujifunza mpaka dhuluma isiwe dhuluma. Ushahidi wa njia hiyo ya pili ulitolewa na Arslan Siddique wa Lahore, aitwaye Arslan Ash, ambaye mwaka 2019 alitoka katika mji ambao ulimwengu wa mashindano haukuwa ukiutazama, mji wa vyumba vya michezo vilivyojaa watu na joto, akashinda Evo Japan na kisha Evo ya Marekani katika mwaka mmoja. Waliostaajabu waliuliza Pakistani imejifunzia wapi. Imejifunzia ana kwa ana, bega kwa bega, mbele ya watu wanaongoja zamu yao, kama inavyojifunza Tononoka; na hapa Kenya, Sylvia Gathoni, maarufu kwa jina la QueenArrow, alikuwa mwanamke wa kwanza wa nchi yetu kuandikishwa na timu ya kimataifa ya michezo hii, kwa ustadi wake katika Tekken hiyo hiyo. Vijana wetu wana mwalimu, na mwalimu wao ni wingi wa wapinzani.

Sasa nirudi kwenye kile nilichosema kwamba kilichukuliwa. Eddy wa mwaka 1998 alikuwa mlango. Kwake yeye, mtoto asiyejua kitu, au dada aliyekuja kumwita kaka yake nyumbani akaambiwa aketi acheze mara moja, au mgeni kutoka Malindi ambaye kwao hapakuwa na mashine, aliweza kuketi mbele ya bingwa na kuona, kwa mikono yake mwenyewe, kitu kizuri kikitokea. Wengi waliokuja kuwa wachezaji wa kweli waliingia kwa mlango ule, wakashinda kwa bahati, wakashindwa kwa haki, kisha wakataka kujua kwa nini. Kadiri Eddy alivyokuwa mtu wa ustadi, mlango ulikuwa ukifungwa; na katika Tekken 7 mgeni aliyebonyeza eksi na duara mbele ya mjuzi aliadhibiwa kabla hajapata muda wa kufurahi. Wajuzi walishangilia. Sikuona sababu ya kushangilia, kwani mjuzi alikuwa amekwisha jua dawa tangu Tekken 3, na aliyeondolewa njiani hakuwa adui yake.

Tekken 8, iliyotoka tarehe 26 Januari 2024 ikiwa na wahusika 32, imelijibu jambo hili kwa namna ambayo naikiri kuwa ni ya insafu. Imeweka mtindo maalumu wa kucheza ambao mtu huuwasha kwa kitufe kimoja, hata katikati ya pambano, na ndani yake mhusika yeyote, awe ni Jin au King au Nina, hutoa mapigo yaliyoungana na makombo mazuri kwa kubonyeza tu. Yaani neema iliyokuwa ya Eddy peke yake imegawiwa kwa wote, na mjuzi hana cha kulalamikia, kwa kuwa mtindo ule una mapigo machache, nao hutabirika kwake upesi. Baada ya miaka 27, mgeni amerudishiwa mlango, na Eddy amebaki na ustadi wake. Ni suluhu nzuri kuliko zote nilizoziona katika michezo hii.

Lakini Eddy mwenyewe hakuwamo kati ya wale 32. Alikuja Aprili 2024, wa kwanza katika wahusika wanaouzwa mbali na mchezo, kwa bei yake na kwa njia ya intaneti, kwa mwenye kadi ya benki na mashine ya kizazi cha mwisho. Mhusika ambaye alikuwa ndani ya kila diski, halali na ya kunakiliwa, kutoka Lahore hadi Mombasa, aliyewafungulia mchezo watu wasio na kitu, sasa huhitaji kununuliwa peke yake. Na katika marekebisho yote aliyopata kufanyiwa, ya fremu na ya maumivu, ya mikao na ya kuta, sioni lililompunguza mbele ya watu wa Tononoka kama hilo. Ningalikuwa na sauti mbele ya wenye mchezo, nisingewaomba wamwongezee nguvu wala wampunguzie. Ningewaomba katika toleo lijalo wamrudishe ndani tangu siku ya kwanza, pamoja na wale wengine, bila ya malipo ya pili.